Matanga ya Jina

Jina la Chuo lilipokufa, jua lilifika alasiri likagoma kushuka. Waombolezaji hawakulishughulikia. Mikeka haikutosha, kahawa ilikuwa bado haijachemka, na wafiwa walikuwa hawajakubaliana nani akae mbele ya nani, maana kila mmoja alijiona wa karibu zaidi na marehemu kuliko mwenzake. Kwa hiyo mchana ulibaki palepale, juu ya kilima, mweupe na mzito, na watu wakaendelea kuwasili.

Siwema naye alipanda, mkeka wake kwapani. Magoti yalimuuma. Alikuwa amefundisha falsafa katika Chuo hicho muda mrefu hata hakuna aliyekumbuka nani aliifundisha kabla yake, na zilikuwapo siku ambazo yeye mwenyewe aliamka akidhani kwamba alifundishwa na Siwema mwingine, mzee kuliko yeye, mwenye magoti haya haya. Alikuwa amechoka. Uchovu wa kupanda kilima huisha mtu akiketi. Wake ulikuwa ule unaomfanya mtu asikie mlango ukibishwa, aujue mkono unaobisha, na bado akae kitandani akiomba mgeni aende zake. Makamu Mkuu wa Chuo, Dakta Hamduni, alikuwa amemwahidi nyumba ndogo nyuma ya maktaba, aishi humo bila kusumbuliwa na mtu mpaka siku zake ziishe. Alichotakiwa kufanya ni kuusoma wasifu wa marehemu kabla ya maziko. Wasifu wenyewe aliujua kwa moyo, kwani nusu yake aliitunga yeye, kwenye sherehe mbalimbali.

Msiulize Jina linakufaje. Katika mji huo kitu kikizungumzwa sana hupata mwili, na Jina la Chuo lilizungumzwa kuliko mvua. Lilialikwa harusini. Akina mama wa mji wa chini waliliapia. Mtoto akifaulu aliambiwa amelipamba Jina. Akifeli aliambiwa amelitia doa, na akalala bila kula. Sasa lilikuwa ndani ya jeneza, limefunikwa joho la kijani, na vijana waliolitoa ukumbini walitokwa jasho na kutetemeka miguu, ingawa kila aliyechungulia ndani aliapa kwamba hakuona kitu.

Lilikufa hivi. Chuo kilikuwa na kwaya ya watoto, na kwaya ilikuwa na profesa ambaye watu wote walimwita Mlezi. Mlezi aliwachukua watoto wa mji wa chini, akawafundisha kuimba, akawavalisha viatu vyeupe, na wazazi wakamshukuru mpaka wakaishiwa na namna za kushukuru. Siku ya wageni, mbele ya wakubwa waliojipanga safu kwa safu, msichana wa miaka tisa aitwaye Raya alifunga mdomo wakati wenzake wanaimba. Akaulizwa ana nini. Akasema. Alisema yale ambayo Mlezi alikuwa akimfanyia kwenye chumba cha ngoma, yeye na wenzake, kwa maneno machache ya kitoto ambayo hakuna mtu mzima pale aliyeshindwa kuyaelewa. Maneno hayo hayatarudiwa hapa. Aliyasema yeye, na yalimgharimu vya kutosha.

Baada yake walisema wengine. Kwanza watoto, kisha vijana, kisha watu wenye mvi waliotoka miji ya mbali, wakasimama nje ya geti na kusema kwamba wao pia waliwahi kuvaa viatu vyeupe. Ndipo Jina likaugua. Lilishinda kitandani likitapatapa, Chuo kikalisomea tamko hili na tamko lile, lakini wapi. Likakata roho. Na watu ambao hawakutoa hata chozi waliposikia ya watoto, siku hiyo walilia hadi wakashikwa mikono.

Siwema alitandika mkeka wake kati ya wanawake wa idara ya sheria, akanyoosha miguu, akafumba macho. Sauti za waombolezaji zikamzunguka. Kwa kuwa alikuwa amefumba macho hakuweza kujua nani anasema lipi. Zote zilionekana kutoka kwenye koo moja.

— Poleni. Poleni jamani. Pigo gani hili.

— Jina kubwa vile, kuondoka ghafla hivi!

— Mimi nasema uchunguzi uachwe ufanye kazi yake. Nasema hivyo tu.

— Na mama wa huyo mtoto alikuwa wapi?

— Watoto wa siku hizi wanaona mengi kwenye simu.

— Sisemi wamesema uongo. Sisemi. Ila kwa nini mbele ya wageni?

— Miaka yote walikuwa kimya, leo ndiyo wamepata midomo?

— Vyeti vyetu sasa nani atavitazama?

— Nipitishie hiyo kahawa, bibi wee, imepoa kwako.

Alipofumbua macho aliona nyuso zao zimeanza kufanana. Pua zilikuwa zilezile, mashavu yaleyale, na machozi yaliteremka kwa mwendo mmoja upande mmoja. Akajipapasa uso wake mwenyewe kuhakikisha kwamba bado ni wake. Hakupata jibu la kuridhisha. Mbele kabisa, kwenye kiti cha mfiwa mkuu, alikuwa amekaa Mlezi, kanzu nyeupe, leso mkononi, na watu walipita mmoja mmoja wakimpa mkono wa pole, maana nani alikuwa amelipenda Jina kuliko yeye? Nani alikuwa amelitumikia hivyo? Wapo waliomkumbatia. Mzee mmoja wa baraza alilia begani mwake mpaka Mlezi akalazimika kumtuliza, akimpigapiga mgongoni.

Jambo likitokea, na watu wote wakakubaliana kwamba halikutokea, huenda kuishi wapi? Swali hilo Siwema alikuwa akiwauliza wanafunzi wake kila mwanzo wa mwaka, chaki mkononi, na wao walimjibu vizuri. Huyu alisema, huishi katika kumbukumbu. Yule akasema, kwa Mungu. Yule mwingine, mwerevu zaidi, akasema kwamba swali lenyewe halina mantiki, naye ndiye aliyepewa alama za juu. Sasa, pale mkekani, Siwema aliona kwamba miaka yote alikuwa amewauliza bila kuuliza. Jibu lilikuwa linatembea mbele ya macho yake. Jambo lililokataliwa hupita kwa mkubwa, mkubwa akalisukuma. Likapita kwa wa pili yake, naye akalisukuma. Likateremka hivyo, mlango kwa mlango, mpaka likamfikia aliye mdogo kuliko wote, asiye na nguvu za kusukuma kitu, likaingia kwake likakaa. Pengine ukubwa wote wa dunia ndio huo, aliwaza: kuweza kulikataza jambo lisilale kwako. Vyeo, majoho, majengo yenye nguzo, yote ni milango ya kufungia. Na mimi, mimi Siwema, nina mlango mzuri sana. Nimepewa hata nyumba nyuma ya maktaba ya kuutia.

Hapo Dakta Hamduni akasimama, akapewa kipaza sauti.

Ni hapo walipokosea, na kosa lao lilitokana na adabu. Watu wa mji huo hawakujua kufanya desturi nusu. Wakiamua kuzika, watazika kwa utaratibu wote, hata kama jenezani hamna mtu. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba msiba wa namna hii ungehitaji kupunguzwa hiki au kile. Kwa hiyo Makamu Mkuu alishukuru waliofika, akawaomba radhi waliokosa pa kukaa, akataja njia ya kuelekea makaburini, kisha, kwa mdomo uliozoea, akasema lile ambalo husemwa katika kila maziko:

"Kama yupo mwenye dai lolote kwa marehemu, ajitokeze. Wafiwa wapo, watalibeba."

Wengine walikuwa wameshaanza kuinuka wakikung'uta nguo, maana baada ya maneno hayo huwa hakuna kitu.

"Nipo mimi."

Raya alikuwa amesimama nyuma ya jeneza. Hakuna aliyemwona akipanda kilima. Waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alikuwapo tangu mwanzo, kabla ya mkeka wa kwanza, na wengine waliapa kwamba hawakuona mtoto hata kidogo, waliona mwanamke wa makamo mwenye mkoba. Mzee mmoja alisema alimwona dada yake mdogo, aliyekufa zamani kwa ugonjwa ambao nyumbani kwao haukutajwa. Siwema alimwona msichana wa miaka tisa aliyevaa sare ya shule, soksi moja imeshuka.

"Mwanangu," Hamduni alisema kwa upole, "rudi kwa mama yako. Hapa ni msibani."

"Umeuliza nani ana dai."

"Ni desturi, mama. Huulizwa tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Minong'ono ikapita mikekani. Vijana wakainama kulinyanyua jeneza, mambo yaishe, lakini halikunyanyuka. Wakaongezeka, wakashika vizuri, wakahesabu kwa pamoja. Halikunyanyuka. Wazee wakatikisa vichwa: dai likishatolewa, marehemu haendi popote mpaka lisikilizwe, hivyo ndivyo ilivyo, na Makamu anajua. Makamu alijua. Akapangusa paji la uso.

"Haya, mwanangu. Unadai nini?"

Kila mmoja aliogopa kwamba mtoto atayarudia yale maneno. Mlezi aliinama mbele kwenye kiti chake, akatabasamu kwa huruma.

"Raya," alisema. "Umerefuka, mwanangu."

Raya hakumtazama. Alishika ukingo wa jeneza kwa vidole, akasema haraka haraka, kwa namna ya mtoto aliyejifunza jambo njiani akahofia kulisahau.

"Kwetu hakuja mtu. Siku ile niliposema, mama alijua watu watakuja. Alifagia uwanja, akatandika mkeka, akaazima birika kwa Mama Jabu. Tukakaa. Hakuja mtu. Hata Mama Jabu hakuja, alimtuma mtu kuchukua birika lake. Mkeka mama hajautoa. Mimi nataka mje na kwetu."

Kahawa ilisikika ikichemka.

"Lakini kwenu," alisema Dakta Hamduni, na kwa kweli hakuwa na ubaya, alikuwa anaeleza tu, "kwenu hakufa mtu."

Raya alilifikiria hilo. Alilifikiria kwa muda, kichwa upande, kana kwamba ameulizwa hesabu ambayo wote darasani wanasema ni rahisi.

"Sijui," alisema.

Siwema akaanza kuukunja mkeka wake. Desturi ya mji inajulikana: anayekunja mkeka kabla ya maziko amejitoa katika ukoo wa marehemu, hana tena undugu naye. Wanawake wa idara ya sheria walimshika nguo. Profesa, una nini, jua limekupiga? Kaa, wasifu ndio unaofuata. Isisemwe kwamba aliinuka kwa ushujaa. Ushujaa hakuwa nao, na angekuwa nao angekuwa ameutumia zamani. Uchovu wake ulikuwa umefika pale ambapo kukaa ni kazi kubwa kuliko kuinuka. Aliinama, akashika magoti, akasimama kwa awamu.

"Shikamoo, bibi," alisema Raya.

"Marahaba. Nipeleke kwenu."

Kilima kilikuwa na ngazi pana, na katika kila kituo cha ngazi Raya alikuwa mwingine. Kituo cha kwanza alikuwa mama kijana aliyebeba mtoto mgongoni, na mtu yeyote aliponyoosha mkono kumbeba mtoto huyo, hata kwa mapenzi, yeye alirudi nyuma hatua moja. Kituo kilichofuata alikuwa mwanamke mwenye cheo, nadhifu, anayekagua komeo la kila chumba anachoingia. Chini zaidi alikuwa kikongwe mwenye bakora, na Siwema nusura amwamkie. Kikongwe yule akamweleza kwa sauti ya kawaida kwamba aliolewa, akazaa, akazika mume, akafanya mengi mazuri, tena alicheka sana maishani, na bado mpaka leo kwaya ikiimba redioni huizima. Siwema akataka kumuuliza itaisha lini. Akatazama, akaona mkono ulio ndani ya mkono wake ni mdogo, una wino wa kalamu vidoleni, na soksi moja imeshuka. Akauacha mkono ule uwe wa umri unaoutaka.

Uwanja wa kina Raya ulikuwa umefagiwa. Mkeka ulikuwapo, umepauka kwa jua, na juu yake alikaa Mama Raya peke yake, ungo mapajani, akichambua mchele.

"Hodi."

"Karibu." Alimtazama mgeni, akatazama nyuma yake njia yote. "Umekuja peke yako, mwalimu?"

"Peke yangu."

"Hata hivyo karibu."

Siwema aliketi. Akafungua mdomo kutoa pole, akagundua hana. Pole zake zote alizimaliza kule juu kwa Jina, alizigawa kwa mikono miwili, na sasa alipotafuta moja ya kumpa mama huyu, hakuipata. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Mama Raya alielewa au hakuelewa. Alisogeza ungo, akampa nafasi ya kuegemea ukuta.

"Tulia," alisema. "Ndiyo kwanza ufike."

Raya alijilaza ukingoni mwa mkeka, mbali kidogo, kisha akanyoosha mkono akashika pindo la kanga ya Siwema. Baada ya muda mfupi pumzi zake zilibadilika.

"Usisogee, mwalimu," Mama Raya alinong'ona, na ungo ukatulia mikononi mwake. "Nakuomba. Tangu aseme hajalala usingizi wa kueleweka."

Siwema hakusogea. Mguu wa kushoto ulikuwa umekunjwa vibaya. Ukaanza kuwasha, ukachoma, ukafa ganzi, naye akauacha.

Dakta Hamduni aliteremka akiwa na joho lake lote, viatu vimejaa vumbi.

"Profesa, jamani! Watu wanaku—"

"Shusha sauti, baba," alisema Mama Raya. "Mtoto amelala."

Makamu Mkuu akashusha sauti. Akachuchumaa kando ya mkeka, bila kuukanyaga.

"Siwema, dada yangu. Nimewaambia wazee kwamba dai limesikilizwa, kwa sababu wewe umekuja. Wamekubali. Wasifu nitausoma mwenyewe, usijali. Kimebaki kitu kimoja. Nitawauliza watu, mnamshuhudiaje marehemu, na watajibu. Lakini lazima wajibu wote, unajua, na wewe ni wa nyumbani, mkeka umekunja kwa hasira tu. Ukikosekana wewe, jeneza halitanyanyuka." Akamsogelea zaidi. "Huna haja ya kupanda. Jibu ukiwa hapa hapa. Neno moja. Hata kwa kunong'ona, hata mtoto hatasikia. Sema tu alikuwa mwema. Si kweli kwamba kulikuwa na wema? Wewe mwenyewe hukusoma pale? Hukula pale?"

"Nimekula," alisema Siwema.

"Basi. Na nyumba iko tayari. Wamemaliza kupaka rangi. Kitanda kimeingia."

Alikitaka kitanda kile. Liwe wazi hilo, asionewe. Alikitaka kwa mgongo wake wote, aliweza kuuhisi mto chini ya shingo, na chumba chenye mapazia, na siku zinazopita nje bila kumwita. Hamduni akakaa pale akingoja, akautazama mkeka, sehemu ile kubwa iliyokuwa tupu, na mkono wake ukaenda kwenye kisigino cha kiatu kama mtu anayetaka kuvua. Mama Raya aliuona mkono ule. Akasogeza ungo kumpa nafasi. Kisha kule juu mtu akajaribu kipaza sauti, kikakwaruza, na Makamu akainuka, akakusanya joho lake, akapanda.

Wasifu ulisomwa. Maneno yalifika chini yakiwa yamevunjika, lakini Siwema aliyatambua, mengine yalikuwa yake. Kisha sauti ya Hamduni ikauliza:

"Mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mwema!" kilima kikajibu.

"Mnamshuhudiaje marehemu?"

"Mwema!"

Mama Raya alikuwa ameinamisha kichwa, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Siwema alibana midomo. Ndani yake neno lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi, jepesi, limezoea njia, na lilimgongagonga meno.

"Mnamshuhudiaje marehemu?" Hamduni aliuliza mara ya tatu, na sasa alikuwa anapiga kelele.

"Mwema!"

Raya akagutuka. Kule juu walinyamaza, mji mzima, wakisubiri sauti moja iliyopungua. Raya hakutazama kilimani, wala hakumtazama mama yake. Aliutazama mdomo wa Siwema. Aliutazama kwa muda mrefu, bila kupepesa, mpaka alipohakikisha kwamba umefungwa, kisha akavuta pindo la kanga karibu zaidi, akafumba macho tena.